Mbwa Uani kwa Bi Tumu

Kila alfajiri, baada ya sala, Mwanatumu binti Abdillahi alifungua mlango wa uani akiwa na ndoo mkononi, na kitu cha kwanza alichokitazama kilikuwa mitungi yake. Ilikuwa mitatu, imepangwa kivulini chini ya ukuta: wa maji ya kunywa, wa maji ya kupikia, na wa maji ya udhu. Kila mmoja alikuwa na kifuniko chake na kata yake, na ole wake mpangaji aliyetia kata ya huu katika ule.

Asubuhi ile ya Jumanne aliondoa komeo, akatoa mguu mmoja nje, na mguu wa pili ukakataa kumfuata.

Baina ya mtungi wa udhu na mlango wa chumba cha mwisho, amelala mbwa.

Hakuwa koko aliyeruka ukuta kutafuta mifupa. Alikuwa mbwa mkubwa, rangi ya mchanga, tumbo jeupe, na shingoni ana kamba ya usumba wa nazi iliyosokotwa vizuri. Alijilaza kama aliyezaliwa pale, kidevu juu ya miguu. Aliinua kichwa, akamtazama Bi Tumu, akatikisa mkia mara mbili, akarudi kulala.

Ndoo ilimponyoka. Maji yakatapakaa sakafuni hadi alipo yule mnyama, naye akasogea kando taratibu ili asilowe.

"Lahaula!" Bi Tumu alipiga ukelele. "Lahaula wala kuwata! Nani kaniletea najisi nyumbani kwangu?"

Nahashon, karani wa posta, mtu wa bara aliyepanga chumba cha mbele, alikuja mbio na fimbo mkononi, povu la dawa ya meno limemjaa mdomoni.

"Yuko wapi, Mama? Nimpige?"

"Umpige nani?"

"Si nyoka?"

"Nyoka ingekuwa afadhali! Nyoka halambi vyombo vya watu!"

Nahashon alichungulia, kisha akacheka hata povu likamrukia kifuani. "Kumbe mbwa! Mama, umenirusha roho bure. Mbwa ni mbwa tu. Kwetu huyu angekuwa na jina na sahani yake."

"Kwenu ni kwenu. Hapa ni Malindi, hapa ni Shela, na hapa ni kwangu."

Ndipo mlango wa chumba cha mwisho ulipofunguka, akatoka Stambuli, mpangaji aliyeingia jana yake tu. Alikuwa amevaa kanzu nyeupe na kofia, uso ameuinamisha chini kama kawaida yake.

"Sabalkheri, Bi Tumu," alisema kwa upole. "Uniwie radhi. Huyo ni wangu."

Bi Tumu alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza katika miaka mingi hakuona la kutia ndani yake.

Nyumba ile aliachiwa na babake. Alizaliwa humo, akaolewa humo, akafiliwa humo. Mumewe, Msellem, alikuwa fundi cherehani mtaratibu, na alipokufa hakuacha mtoto. Bi Tumu alikaa eda yake, na ilipokwisha akapiga chokaa vyumba vyote na kuvipangisha, naye mwenyewe akabaki na kimoja. Mchana alishona kofia za vito barazani ndani, sindano ikipanda na kushuka, na jioni alifagia. Asubuhi alikuwa amekwisha kufagia pia. Watu wa mtaani walisema hata nzi akitaka kutua kwa Bi Tumu hupiga hodi kwanza.

Na kila Alhamisi alasiri wanawake walikuja kwake kuwasomea marehemu wao Yasini. Mikeka ilitandikwa ukumbini, udi ukafukizwa, na Shekha, msomaji wao, akakaa upande wa kibla na kuanza. Huko ndiko kulikokuwa na kiti cha Bi Tumu katika dunia. Wengine walikuwa na wana, wengine na wajukuu, wengine na dhahabu. Yeye alikuwa na ukumbi ambao kila mwanamke wa Shela aliuamini kuuwekea paji la uso.

Kwa hiyo hakupokea kila mtu. Aliwakataa walevi, akawakataa wapiga mluzi, na zaidi ya wote akawakataa wanaume wenye macho marefu. Mmoja aliwahi kumfukuza siku ya pili kwa sababu tu alimtazama jirani yake Mastura kuanzia ukosi hadi kisigino.

Jumatatu ile Stambuli alipofika, akiandamana na mkokoteni wa Randu, mchukuzi wa mizigo, Bi Tumu alikaa mlangoni kumpima. Aliona mtu wa makamo, mwenyeji wa Mambrui, mtoto wa watu wanaojulikana. Aliyasema mambo yake kwa ufupi: alikuwa mtunza bustani wa Mtaliana mmoja kule ufukoni, Mtaliana amefunga nyumba akaenda zake kwao, na sasa yeye anawamba vitanda vya kamba majumbani mwa watu. Mkono mmoja aliushikilia ubavuni mwa mkokoteni, kama anayelinda mizigo isianguke. Uso wake aliuelekeza ardhini tangu salamu hata mwisho. Mastura alipita kanga ikimteleza begani, na yule mtu hakugeuka wala hakupepesa.

Bi Tumu alimpa ufunguo palepale. Na jioni, kwenye bomba la maji, aliwaambia wenziwe: "Nimepata mpangaji. Mwanamume hainui macho! Nimemwangalia mchana kutwa. Haya ya kina mama zetu zamani, basi yeye anayo."

Wenziwe walimwonea wivu.

Sasa mwanamume huyohuyo amesimama mbele yake na mbwa.

"Jana hukuwa naye," Bi Tumu alisema sauti ilipomrudia.

"Sikuwa naye. Nilimwacha kwa Randu. Randu kaniletea alfajiri."

"Ukanificha."

"Nilikuficha." Stambuli alisema hivyo bila kujitetea. "Nimekataliwa mtaa wa Barani, nimekataliwa Maweni. Kila nyumba wakimwona yeye, wananifungia mlango kabla sijamaliza salamu. Mmoja alinikaribisha vizuri sana, kumbe alidhani namwuza."

"Ungemwuza!"

"Siwezi, Bi Tumu."

"Kwa nini?"

 Mkono wa Stambuli ulipapasa kizingiti cha mlango, ukakishika. "Nimemzoea," alisema mwishowe.

"Amemzoea!" Bi Tumu alimgeukia Nahashon, maana alihitaji shahidi. "Wamsikia? Mtoto wa Mambrui, amekaa chuoni, amehitimu Kurani, leo aniambia amemzoea mbwa! Umekaa na Wazungu hata wamekugeuza, Bwana Stambuli. Kesho utaniletea nguruwe uniambie ndiye mjomba."

Nahashon alicheka. Stambuli hakucheka wala hakukasirika.

"Sharia yake naijua," alisema. "Chumbani mwangu haingii. Simshiki kwa mkono uliolowa, ndiyo maana ana kamba. Kanzu ya sala iko mbali na kanzu ya kazi. Na mchanga safi ninao, kopo zima, hapa mlangoni."

Kweli lilikuwapo. Bi Tumu alikuwa ameliona jana, akadhani ni la kusugulia sufuria. Kuona mtu huyu amejipanga na najisi yake kwa utaratibu namna ile kulimshtua zaidi ya yule mbwa mwenyewe.

"Alhamisi alasiri wanawake wanakuja kusoma," alisema. "Adhuhuri ya Alhamisi isimkute mnyama huyu hapa. Wewe waweza kubaki. Yeye, hapana."

"Akiondoka yeye, Bi Tumu, nami sina budi kuondoka."

"Kwa sababu ya mbwa?"

Stambuli aliinamisha uso zaidi, akarudi chumbani mwake.

Jumatano yote Bi Tumu alishona kofia ileile na kuifumua. Aliwaona wakitoka asubuhi, mbwa mbele, mtu nyuma, kamba ya usumba katikati, na bunda la kamba za kazi begani mwa Stambuli. Watoto wa mtaa waliwafuata wakiimba, "Shehe na mbwa wake! Shehe na mbwa wake!" Mbwa hakubweka. Kwenye pembe ya ukuta alisimama, akangoja, kisha akakata kushoto polepole. Bi Tumu alisonya. Mtu mzima kuvutwa na mnyama!

Mchana Mastura aliegemea ukuta wa uani, kidevu juu ya mikono.

"Shoga, habari zako ziko bombani."

"Ziache huko huko."

"Shekha amesema kama mbwa yuko, yeye mguu wake hauingii. Na akikataa yeye, wote wamekataa. Wajua mwenyewe."

"Mbwa hatakuwapo."

"Haya." Mastura alipunguza sauti. "Lakini mtu wake, Tumu! Jana kaja kuwamba kitanda cha mama. Binti zangu wote wako ndani, wanapita huku na huku, Halima amejipaka wanja kama bibi arusi. Hakutazama! Aligeuza uso ukutani, mikono ikawa inakwenda yenyewe, kamba juu, kamba chini, hata kitanda kikaisha. Na kimekazwa, mama yangu, ukikitupia kofi kinalia kama ngoma. Mimi sijaona mwanamume namna ile."

Bi Tumu, pamoja na hasira yake, alijisikia kama aliyesifiwa yeye. Ndipo ikamuuma zaidi. Mtu wa sifa zote hizi, na kitu kimoja tu kimemharibu.

Siku ya Alhamisi aliamka na kazi nyingi. Alitoa sufuria mbili za siku ya kisomo, sawasawa kwa ukubwa, moja ya chai na moja ya shira ya kaimati, akazijaza maji na kuziacha uani zilowe wakati akioga. Chumba cha mwisho kilikuwa kimya. Alidhani wametoka. Alioga, akarudi chumbani, akakaa kitandani kuzichana nywele zilizolowa, na mtandio ukiwa umetundikwa msumarini.

Hapo akasikia sauti. Lap, lap, lap. Polepole, kwa raha.

Alikwenda mlangoni, akachungulia. Mbwa amesimama juu ya sufuria ya chai, pua imezama, ulimi unaingia na kutoka.

Bi Tumu hakujua alivyofika nje. Alijikuta tu katikati ya uwanja wake, miguu mitupu, chanuo mkononi, na sauti inatoka ambayo hakuitambua kuwa yake. Mbwa aliruka nyuma, akaenda kujibana kwenye pembe. Mlango wa chumba cha mwisho ulifunguliwa kwa kishindo.

"Kuna nini? Bi Tumu? Umeumia?"

"Kaitia mdomo! Sufuria ya Alhamisi, kaitia mdomo mpaka machoni! Hiyo ya wasomaji! Bwana Stambuli, sharia waijua, si ulinambia waijua? Basi chukua mchanga wako, uioshe wewe, mara saba, ya kwanza kwa mchanga, na mimi nimesimama hapa nakuangalia!"

"Haki yako," Stambuli alisema. "Naiosha. Iko wapi?"

"Hiyo hapo!" Alinyoosha chanuo.

Stambuli alichukua kopo la mchanga, akaja, akapiga magoti. Mkono wake ulitambaa juu ya sakafu, ukagusa ubavu wa sufuria. Akaivuta kwake, akamwaga maji yake, akatia mchanga, akasema bismillahi, akaanza kusugua.

Ilikuwa sufuria ya shira. Ile safi.

Sufuria ya chai ilikuwa palepale kwenye goti lake, maji bado yanacheza, na unywele mmoja wa rangi ya mchanga unaelea juu yake.

 Bi Tumu alimwona akisugua chini, akisugua ukingo, akisugua hata mahali pa kushikia. Alimwona akisuuza na kumwaga mbali, mchirizini, kwa uangalifu wa mtu anayeosha maiti. "Moja," Stambuli alihesabu. Akasuuza tena. "Mbili." Ni dharau, Bi Tumu aliwaza. Mtu huyu anaona nimedhalilika, na bado ananifanyia mzaha mbele ya macho yangu. "Tatu."

"Bwana Stambuli!" Alipiga mguu chini. "Wanicheza shere?"

Stambuli aliinua uso kuifuata sauti.

Ilikuwa mara ya kwanza. Tangu Jumatatu Bi Tumu hakuwahi kuuona uso ule ukiinuliwa. Sasa ulimwelekea wazi, macho yamefunguka, yamemkabili yeye sawasawa. Na papo hapo Bi Tumu akakumbuka kichwa chake. Kilikuwa kitupu. Nywele zilikuwa mabegani, zinachuruzika maji. Tangu alipovunja ungo, hakuna mwanamume aliyeziona nywele zile ila babake na Msellem. Alipeleka mikono kichwani, na mikono ikakuta hakuna cha kufunikia. Alitaka kupiga kelele. Damu ilimpanda usoni hata masikio yakavuma.

Stambuli alikuwa akimtazama tu. Hakushtuka. Hakugeuka. Hakuomba radhi.

"Nimekosa nini, Bi Tumu?" aliuliza taratibu.

Na katika mboni za macho yake palikuwa na ukungu, mweupe, umetanda kama moshi ndani ya kioo cha taa.

 Bi Tumu aliinua mguu wake mtupu, akauweka kando bila sauti. Akaufuatisha wa pili. Macho ya Stambuli yalibaki pale pale, yakiutazama ukuta mahali alipokuwa amesimama yeye.

Mikono ilimshuka kutoka kichwani.

Mkono ule ubavuni mwa mkokoteni. Kizingiti. Uso uliogeukia ukutani kwa kina Mastura, na vidole vikienda vyenyewe. Mbwa aliyengoja kwenye pembe. Siku zile zote alikuwa akiwatangazia watu haya ya mwanamume asiyeinua macho, na mwanamume hakuwa na macho ya kuinua.

"Tangu lini?" aliuliza. Sauti ilimtoka kwa mnong'ono.

Uso wa Stambuli uligeuka haraka kuitafuta mahali papya. Mikono yake ikasimama juu ya sufuria.

"Tangu lini nini?"

"Stambuli."

Hakumwita Bwana. Maji yalidondoka mchirizini. Stambuli aliivuta pumzi, akaitoa.

"Nimeosha ipi?" aliuliza.

"Isiyo yenyewe."

Aliiweka sufuria chini polepole, kana kwamba ilikuwa ya udongo. Kisha akakaa sakafuni, kanzu yake ya kazi ikilowa, na akasema akiwa ameuelekeza uso magotini.

"Lilianza jicho la kushoto. Nilikuwa nikipunguza ua wa Mtaliana, ua unakwenda upande. Akadhani nalewa. Baadaye la pili. Huyu Dafu, Mtaliana ndiye aliyemwita Dafu, maana hilo lilikuwa neno lake la kwanza la Kiswahili, huyu hakufundishwa na mtu. Nilikuwa naelekea kisima kilichochimbwa nusu, akajilaza mbele yangu. Nikamtukana, nikamruka, akajilaza tena. Tangu siku ile nikamtia kamba."

"Mbona hukusema? Mlango gani ungefungwa ungesema?"

"Huo ndio ninaouogopa, mlango ambao haungefungwa." Alitabasamu kidogo. "Leo watu wananiita niwawambie vitanda. Wakijua, hawataniita. Watanipa sadaka. Kila Ijumaa watanitilia mkononi, waniombee dua, na vitanda vyao wampelekee mwingine, kwa huruma, nisichoke. Na mtoto wa ndugu yangu atakuja kunichukua Mambrui anikalishe barazani, nisikilize kuku. Mtu mzuri yule. Atanilisha vizuri. Sitasimama tena."

Bi Tumu aliisogeza sufuria ya chai kando na goti lake.

"Randu anakuja na mkokoteni baada ya adhuhuri," Stambuli alisema akiinuka. "Tutaondoka kama ulivyotaka, na kosa ni letu. Ila nakuomba kwa Mungu, Bi Tumu. Usimwambie mtu."

Aliingia chumbani mwake. Bi Tumu alisikia sanduku likivutwa.

Alikaa pale muda, maji ya nywele yakimshuka mgongoni. Kisha akapiga magoti, akaivuta sufuria ya chai, akamwaga maji yenye unywele, akachota mchanga katika kopo la mpangaji wake. Alisugua. Alisuuza. Na kila alipomwaga, kutoka ndani ya chumba cha mwisho alisikia sauti ya chini ikimhesabia, hata ikafika saba.

Randu alipofika na mkokoteni, alimkuta Bi Tumu mlangoni, amejifunga kanga vizuri.

"Nimekuja kuchukua mizigo ya mzee."

"Mizigo gani?"

"Si anahama?"

"Nani kakwambia anahama?"

Randu alijikuna kichwa. "Yeye mwenyewe. Na jana mtaa mzima."

"Mtaa mzima haukupanga kwangu. Rudi zako, Randu, jua kali hili."

Alifunga mlango, akauegemea kwa mgongo kama aliyeiba. Hakuwa ameamua. Mdomo ndio ulioamua. Sasa akili ikaja nyuma yake kuhesabu hasara. Shekha angekuja. Shekha angeuliza. Na jibu lilikuwa rahisi, neno moja tu, na wote wangeelewa. Wangelia machozi. Wangempelekea Stambuli sahani za kaimati, wakamtilia sadaka mkononi, na kesho yake hakuna kitanda hata kimoja ambacho kingemngoja. Ili ajitetee yeye, ilibidi ammalize yule mtu. Hapakuwa na njia ya kati. Aliitafuta mpaka akaungua kidole kwenye shira.

Walikuja alasiri, viatu vyao vikajaa mlangoni, manukato na udi vikachanganyika. Shekha alikuwa wa mwisho, mnene, mwenye sauti nzuri, rafiki wa Bi Tumu tangu walipokuwa wakisoma juzuu moja chuoni. Alivuka ukumbi ili achukue udhu uani. Bi Tumu alimsikia akisimama.

"Tumu." Ilikuwa sauti ya mtu aliyeona jeneza chumbani. "Mbwa wa nani huyu?"

Wanawake wote waligeukia mlangoni.

"Wa nyumba hii," Bi Tumu alisema.

Hata yeye mwenyewe alishtuka kusikia.

"Wa nyumba hii?" Shekha alirudi ukumbini, amejikusanya buibui kama anayevuka tope. "Wewe? Wewe unayeosha hata makaa kabla ya kuyawasha? Umerogwa, shoga yangu? Nipe sababu. Nipe sababu moja tu, nikae."

"Sina."

"Useme hata wezi! Useme unaogopa wezi, tukuelewe!"

"Siogopi wezi, Shekha. Sitasema uongo na msahafu uko wazi."

Mlango wa uani ulisogea, Stambuli akasimama kizingitini, uso chini, rangi imemtoka. Alikuwa amesikia yote.

"Bi Shekha," alisema, "usimlaumu mwenzio. Sababu iko kwangu. Mimi..."

"Bwana Stambuli!" Bi Tumu alimkata kwa ukali hata Mastura akaruka. "Umekuja wakati mzuri. Kitanda cha mamake Bi Shekha kimelegea, mgongo wa mtu mzima unagusa sakafu. Tangu mfungo analalamika. Utakwenda ukakiwambe."

Stambuli alishika mlango. 

"Nitakwenda," alisema.

"Kitanda kimelegea kweli," Shekha alisema, ameduwaa, maana hakujua sasa wanagombania nini. Kisha akajikumbuka. "Lakini mimi hapa sikai. Siwezi, Tumu. Wanisamehe marehemu wetu, leo hawatasomewa hapa."

Alitoka. Mmoja mmoja wakamfuata, wakitafuta viatu vyao bila kutazamana. Mastura alikuwa na kiatu kimoja mguuni na kimoja mkononi, akasita, akamwangalia Bi Tumu kana kwamba anangoja kuzuiwa. Bi Tumu hakumzuia.

Mikeka ilibaki imetandikwa. Kaimati zilibaki kwenye sinia, moshi wa udi ukipanda bila wa kuunusa. Bi Tumu alikaa mahali pake, si pa Shekha, akafungua msahafu, akaanza Yasini peke yake. Sauti yake haikuwa nzuri kamwe. Ilipomkwama katikati, kutoka nje ya mlango wa uani sauti nyingine iliipokea aya, kwa ghibu, bila kitabu, bila kukosea, ikaisoma mpaka alipopata pumzi ya kuendelea.

Alhamisi ya pili hawakuja. Wala ya tatu.

Lakini asubuhi ya Jumamosi ile ya kwanza, Bi Tumu alipokuwa akiijaza mitungi, Mastura aliegemea ukuta.

"Shekha ameniagiza," alisema, akijitia kutazama mbali. "Mamake hakulala usiku. Auliza fundi wa vitanda atakuja lini. Na mbwa asipite mlango wa mbele."

"Mwambie fundi atapita wa uani, na mnyama atangoja nje."

Dafu alikuwa ameinuka kabla hajaitwa. Stambuli alifunga mlango wake, akaweka bunda la kamba begani, akaishika kamba ya usumba. Alipita chini ya ukuta wa Mastura, akasalimu kwa sauti ya chini, uso ukielekea ardhini, na kwenye pembe mbwa akasimama, akangoja, akakata kushoto.

Mastura aliwafuata kwa macho hadi walipopotea. Akatikisa kichwa.

"Mbwa ni mbwa, shoga, mimi sitakuficha. Lakini mwanamume yule! Nimesimama hapa mtandio umeanguka, na hakuinua macho."

"Ndiyo," Bi Tumu alisema. Aliinama, akarudisha kifuniko cha mtungi wa udhu, akakibana sana. "Ana haya sana."